Mikanda ya Kuazima

Walimzika Mzee Okware kwake Adungosi, na mimi nilikuwepo chini ya hema, kwenye safu ya wageni, na chupa ya maji iliyopata joto mkononi. Sikwenda kulia. Nilikwenda kuhakikisha. Mwendesha sherehe alishika kipaza sauti akasoma maisha ya marehemu: shule, ndoa, kanisa, ng'ombe, uwanja wa magari Malaba. Kisha akafika mahali masikio yangu yakawaka. Alisema marehemu ndiye aliyeleta mikanda ya usalama katika magari ya abiria ya mpakani. Alisema marehemu, kwa akili aliyopewa na Mungu, alibuni kwa mikono yake kifaa cha kung'olea mikanda kutoka kwenye magari mabovu, wakati hakuna fundi hata mmoja upande huu aliyekuwa nacho. Watu wakapiga makofi. Padri akaitikia kwa kichwa. Mimi maji niliyokuwa nayo mdomoni yalinitoka, yakaanguka kwenye viatu vya mama aliyekaa mbele yangu. Nilimwomba radhi, na hiyo ndiyo radhi pekee niliyoomba siku hiyo.

Mikono iliyotengeneza kile kifaa ni hii ninayoandikia, pamoja na mikono ya Omoding, aliyekuwa mchomeleaji wetu. Okware alikuwa mwenye uwanja. Nitaieleza tofauti hiyo polepole, kwa sababu nikiieleza haraka nitatukana. Mimi ni Nekesa, fundi wa viti. Leo nina duka langu Busia, nauza turubai, sponji, nyuzi na vitambaa vya viti vya magari, na wanawake wawili hunishonea. Mwaka wa kile kifaa nilikuwa msichana aliyetoka kujifunza kushona na kuchoka na sare za shule kabla hata sijaanza kuzishona. Nilisikia Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kuna uwanja wa magari unaotafuta mtu wa kushona viti, nikaenda. Ukoo wangu hauna kazi katika habari hii, kwa hiyo nauacha nyumbani.

Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya gesti moja ya madereva wa malori, wale waliokuwa wakingoja karatasi zao za forodha mpaka nguo zikawaishia. Kulikuwa na magari yaliyokufa yamepangwa ukutani, meza ya Omoding ya kuchomelea, na kibanda cha mabati ambacho nusu yake ilikuwa ofisi ya bosi na nusu ilikuwa cherehani yangu. Katikati kulikuwa na bati moja tu. Kwa hiyo nilisikia kila kitu: simu za bosi, kicheko cha bosi, bosi akipiga miayo. Upande wa pili wa ua tulisikia Waganda wakibishana na wachukuzi, ssebo, yaani bwana, huyu na ssebo yule, na madereva wakioga na kuimba nyimbo za kanisani kwa maneno yasiyo ya kanisani. Mchana kulikuwa na joto la kuokea mkate. Niliipenda ile sehemu. Nasema hivi mapema ili mtu asidhani hasira yangu ni ya mtu aliyechukia kazi.

Nilikaa chumba kimoja na Auma. Alikuwa mchuuzi wa samaki, mtu wa Osieko kule ziwani, na aliishi kwa kwenda na kurudi: anashuka kwao kuchukua samaki wa kukaushwa na omena, wale dagaa wa ziwani, anapanda nao mpaka Malaba, anauza, anashuka tena. Chumba chetu kilinuka samaki mpaka ndani ya kitabu cha nyimbo. Alikuwa na mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, na alikuwa na usingizi ambao sijauona kwa binadamu mwingine. Angeweza kulala amesimama kwenye foleni ya maji. Ndani ya gari ndiyo usiseme. Akiketi tu, ameenda. Siku moja dereva aligonga breki akamrusha Auma mapajani mwa katekista, na hadithi hiyo aliisimulia yeye mwenyewe, kwa vitendo, huku akisonga ugali jikoni, mpaka mimi nikashika mbavu.

Ndipo ikaja ile amri ya kwamba kila kiti cha gari la abiria kiwe na mkanda. Nchi nzima ilichanganyikiwa. Wenye magari walipiga kelele, makanga wao wa kudai nauli walipiga kelele, na abiria nao, ambao ndio waliokuwa wakitolewa maiti kwenye mitaro, walipiga kelele kuliko wote. Eti mkanda unakunja nguo. Eti mkanda ni mchafu. Eti ukifungwa, gari likiwaka utakufa. Katika watu wote niliowajua, aliyefurahi alikuwa Auma peke yake. Alipanda gari la kwanza lililofungwa mikanda, akalala kutoka Busia mpaka Malaba, akaingia chumbani akiwa na alama ya mkanda begani na uso wa mtu aliyetoka kubarikiwa.

"Nekesa, hii kitu inanibeba kama mtoto kwa mgongo," aliniambia. "Mimi tangu leo gari haina mkanda sipandi. Wacha wacheke."

Shida ilikuwa mikanda inatoka wapi. Mipya ilikuwa ghali na haikufika huku. Bosi alikuwa na magari mabovu uwanjani, na kila gari bovu lilikuwa na mikanda yake mizima imelala ndani. Lakini bolti iliyoshika mkanda sakafuni si bolti ya kawaida. Kichwa chake kina tundu lenye umbo la nyota ya ncha sita. Hakuna spana yetu iliyoingia. Ukilazimisha ile ya pembe sita, inateleza na kulisaga tundu mpaka linakuwa duara, na hapo umekwisha. Kwenye viwanja vingine walikuwa wakikata mikanda kwa kisu, lakini mkanda uliokatwa unabaki mfupi na hauna mguu wa kuushikia kwenye gari jipya. Omoding alihangaika na zile bolti mpaka akaanza kuzisemesha kwa Kiteso. Bosi alipita, akaangalia, akasema, "Si mnalipwa? Toeni." Huo ndio uvumbuzi wote alioufanya marehemu.

Wazo lilikuja wakati wa chakula. Tulikuwa tumekaa mimi na Omoding kwenye kiti cha nyuma cha gari lililokufa, mlango wazi, tukila ugali wa muhogo na mtama aliotuachia Auma, na mboga ya mrenda. Anayejua ugali ule anajua: ukipoa, unashika. Ukiukandamiza kidole, alama ya kidole inabaki. Nilikuwa nikiichezea ile bolti iliyokuwa miguuni mwangu, nikaipaka mafuta ya grisi, nikachukua tonge la ugali nikalisukuma ndani ya lile tundu.

"Wewe!" Omoding alitoa macho. "Chakula ya watu unaingizia bolti?"

"Nyamaza. Ngoja."

"Auma akisikia atakupiga na samaki."

Tuliacha ugali ukauke pale pale kwenye jua. Alasiri niliuvuta taratibu na ncha ya sindano yangu ya turubai, ukatoka. Ulikuwa nyota. Ncha sita, kina chake, upana wake, kila kitu. Omoding aliushika kwenye kiganja kama mtu aliyeshika kifaranga, akasahau hata kunitania. Kesho yake tulijaribu na ugali wa mahindi ili tuwe na mfano wa akiba, ukavunjika vipande vipande. Tulirudi kwa muhogo.

Kutoka hapo ilikuwa kazi ya tupa. Omoding alipata kipande cha springi ya lori, akakinyoosha motoni kwa nyundo, akakiacha kipoe ndani ya jivu ili chuma kilainike. Mimi nilishika ule mfano wa ugali karibu na uso wake, na yeye akasugua mitaro sita kwa tupa ya pembe tatu, anapima, anasugua, anapima. Nilimsomea upana kwa uzi wangu wa kushonea. Cha kwanza alikitumbukiza kwenye maji kikiwa chekundu ili kiwe kigumu, nacho kikawa kigumu mno. Tulipokizungusha kwenye bolti kikakatika kama chaki na ncha yake ikabaki ndani. Tulilaani mchana kutwa. Cha pili alikizamisha kwenye oili chafu ya injini, kikapoa polepole, kikashika. Akakichomelea mpini wa nondo. Tulichagua gari moja jekundu lililokuwa limelala ukutani, tukakiingiza, tukakizungusha pamoja mikono minne. Bolti ililia, kisha ikaachia. Niliruka nikajigonga kichwa kwenye paa la gari, na sikusikia maumivu mpaka jioni. Tulikiita Kidole.

Sasa watu wengine, nikiwasimulia, hunitazama kwa huruma wakingoja niseme kwamba nilijuta kutengeneza Kidole. Sikujuta na sijuti. Kilikuwa chombo kizuri. Kilitoa mikanda mizima, na mguu wake, na kifungo chake, bila kuiumiza. Iliyochakaa pembeni niliishona upya kwa uzi mzito wa turubai, mshono wangu wa msalaba ambao hakuna mtu mwingine Malaba aliyekuwa nao, kwa uzi wa kijani kwa sababu wa kijani ndio niliokuwa nao. Kila gari lililotoka pale likiwa na mikanda, nililitazama likiingia barabarani nikajisikia mtu mkubwa. Auma alipita uwanjani akiwa na beseni kichwani, akawa anaingiza kichwa dirishani mwa kila gari kuhesabu mikanda kwa sauti, na makanga wakamwita inspekta.

Niliuona ule mshono wangu wa kijani kwenye gari la bluu asubuhi moja. Mkanda wa dirishani, kiti cha pili, ule ambao mshono mmoja niliupindisha. Baadaye wiki hiyo nikauona ule ule uliopinda kwenye gari la njano. Nilifikiri nimechanganya. Halafu ukaja kwangu ndani ya gunia, pamoja na mingine, na Omoding akawa anaufunga kwenye gari la tatu kwa kutumia Kidole. Nikamuuliza umetoka wapi. Akasema, "Bosi amesema nifunge." Hakuinua macho. Ndipo nikaanza kusikiliza lile bati kwa makini. Bosi alikuwa upande wa pili na mwenye gari mmoja kutoka Busia, wanakunywa soda.

"Hiyo inspeksheni ni lini?" bosi aliuliza.

"Alhamisi."

"Alhamisi mikanda iko kwa Nissan ya mwalimu. Kuja Ijumaa. Tunakufungia asubuhi, unapita, jioni unarudisha."

"Na askari wa barabarani?"

"Dereva anaachiwa yake. Askari anaangalia dereva. Akiangalia nyuma, huyo ni wa chai."

Walicheka. Nilisikia chupa zikigongana. Nilikuwa nimekaa na mguu kwenye kanyagio la cherehani. Mikanda yote ya Malaba, ile tuliyoitoa kwa jasho, ilikuwa seti chache tu zinazozunguka kutoka gari hadi gari. Gari linapita ukaguzi likiwa limevaa, linarudi uwanjani linavuliwa, linaenda kubeba watu likiwa tupu. Na kinacholivua ni Kidole, kwa sababu kinatoa mkanda kwa haraka na bila alama. Bila sisi, wizi ule usingewezekana. Wangefunga mikanda mara moja na kuiacha, kwa uvivu tu.

Nilizunguka bati nikaingia ofisini bila kubisha hodi. Mwenye gari alikuwa ameshaondoka. Bosi alikuwa anakula mandazi.

"Bosi, hiyo mikanda mnatoa kwa nini?"

Alinitazama bila haraka. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hilo lilinikera zaidi. "Dada, wewe umeshawahi kuona gauni ya arusi?"

"Nimeona."

"Watu hununua ama hukodisha?"

"Hukodisha."

"Na ukishavaa siku ya arusi, kesho unaenda nayo shamba? Umesikia nani akilalamika?" Akapangusa mikono. "Mkanda ni wa siku ya inspeksheni. Enda ushone."

Nilimwambia watu watakufa. Akasema watu walikuwa wakifa kabla sijazaliwa. Majibu ninayo leo, mengi sana, yamejaa tele, lakini siku ile nilirudi kwenye cherehani yangu na yeye akaendelea na andazi lake. Hakuna kitu kinachonichoma kama kukumbuka ule utulivu wake.

Auma alikuwa ameamua kupanda gari moja jeupe lililokuwa likienda Busia na kurudi, kwa sababu dereva wake alikubali kumwekea beseni chini ya kiti. Lilikuwa miongoni mwa yale yaliyofungwa kwetu, na zamu yake ya kuvuliwa ilikuwa imefika. Nilimfuata Omoding kwenye meza yake. Nilimwambia achomelee vichwa vya bolti za lile gari, azijaze nyota zote kwa chuma, ili Kidole kisipate pa kuingia. Alikataa. Nikamwita mwoga, nikamwita mwanamke, nikasema na mengine ambayo hayaandikiki. Mwishowe bosi alipokwenda kula mchana, Omoding alivaa miwani yake nyeusi, akaingia ndani ya gari, na mimi nikasimama mlangoni nikiwa nimetandaza turubai kana kwamba napima viti. Alijaza kila nyota. Moshi ulitoka madirishani na dereva akauliza kama tunapika.

Jioni nilimwambia Auma. Tulikuwa tumekaa mlangoni mwa chumba, yeye akichambua omena kwenye ungo, na alinisikiliza habari yote, ya gunia, ya gauni la arusi, ya Alhamisi na Ijumaa. Alitukana kwa Kijaluo, polepole, tusi moja refu.

"Kwa hivyo zote ni za uongo."

"Isipokuwa ile nyeupe. Hiyo mikanda haitoki. Nimesimama hapo nikiona na macho yangu. Panda hiyo tu."

"Hata nikichelewa?"

"Hata ukichelewa. Ingojee."

Nilimwambia kweli tupu. Siku ile, saa ile, ilikuwa kweli.

Kesho yake bosi alijaribu kuvua lile gari akakuta bolti zimezibwa. Hakuuliza ni nani. Alikuja kwenye cherehani, akachomoa sindano yangu mwenyewe kwa mikono yake, akaiweka mezani, akasema nichukue vitu vyangu. Omoding alikuwa amesimama karibu na meza yake, akageukia tupa yake. Nilimwangalia nikafikiri, sawa, mtu ana mama yake mgonjwa, asipoteze kazi kwa ajili yangu. Nilibeba mkasi na nyuzi zangu nikavuka mji, nikapata kazi ya kushona magunia kwa mfanyabiashara mmoja wa nafaka. Auma aliendelea kungoja gari jeupe. Wakati mwingine magari matatu yalimpita stendi, makanga wakimwita, "Mama samaki, twende!" na yeye akitikisa kichwa. Aliniambia hivyo akicheka.

Ajali yenyewe ilikuwa ndogo. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Ilikuwa mchana peupe, gari halikwenda kasi, lori lilikuwa limesimama kwenye foleni ndefu ya kwenda mpakani na dereva wa gari jeupe alichelewa kulikwepa. Akaligonga kwa ubavu. Mlango wa pembeni ukafunguka. Dereva alishuka akitembea, kwa sababu yeye alikuwa na mkanda wake. Wengine waliumia, mikono, meno. Auma alikuwa amekaa karibu na mlango, na alirushwa nje akaangukia kichwa kwenye lami, na samaki wakamwagika juu yake. Aliyenieleza ni mama mmoja wa mitumba aliyekuwa kando yake, akiwa amefungwa mkono. Alisema Auma alipoingia alipapasa pembeni ya kiti, akapapasa tena, akamuuliza makanga mkanda uko wapi. Makanga akamjibu, "Mama, mkanda imeenda Busia, itarudi kesho." Gari zima likacheka. Auma naye alicheka, alisema yule mama, halafu akasema basi leo sitalala. Lakini alilala.

Nilikwenda kituo cha polisi kuliona gari. Lilikuwa limeegeshwa chini ya mti, na hakuna aliyenizuia. Nilipiga magoti kwenye vioo nikatazama sakafuni. Bolti za Omoding zilikuwepo zote, zimeshika. Na kutoka kwa kila bolti kulikuwa na kipande kifupi cha mkanda kimesimama, kimekatwa kwa wembe, sawasawa, kama kazi ya mtu aliyekuwa na muda na mkono uliotulia. Kimojawapo kilikuwa na mshono wa kijani. Sikujua nani alishika wembe. Nilijua nani aliagiza, na miaka yote hilo lilinitosha. Tulimpeleka Auma Osieko. Omoding alibeba jeneza kutoka barabarani mpaka nyumbani, alikataa kupokewa, na pale kaburini alilia kuliko ndugu zake. Nilidhani alikuwa akimpenda kimya kimya. Nilimhurumia hata.

Hakuna aliyeshtakiwa. Okware aliendelea na uwanja, akaupanua, akajenga Adungosi, akawa mzee wa kanisa. Nilihama Malaba. Nilipokuwa nikikutana naye Busia sokoni alinisalimia, "Dada, kazi iko?" na mimi nilipita kama sijasikia. Ndivyo nilivyoishi na jambo hilo mpaka siku ile ya kipaza sauti.

Kwetu, Waluhya na Wateso tunafanana kwa hili: siku chache baada ya maziko wazee huwakalisha watu pale nyumbani na kuuliza nani ana neno na marehemu. Ukilitoa, linapokelewa. Usipolitoa, limekufa pamoja naye, na ukisikika sokoni ukilisema, wewe ndiye mbaya. Nilirudi Adungosi kwa ajili ya kikao hicho. Nilivaa nguo nzuri. Omoding alikuwepo, mara ya kwanza kumwona kwa karibu baada ya muda mrefu, mzee sasa, macho yamekuwa mekundu kwa miaka ya kuchomelea, na alikuwa amevaa fulana nyeupe ya msiba yenye picha ya Okware kifuani. Kumbe hakuwahi kuuacha ule uwanja. Aliketi na watu wa familia. Jirani mmoja alitoa neno la mpaka wa shamba, mwingine la fahali, yakapokelewa. Mzee aliyeongoza kikao akauliza kama kuna mwingine, nikasimama.

Nilisema jina langu na kazi yangu. Nilisema kile kifaa tulikitengeneza mimi na Omoding kwa ugali na springi ya lori. Nilisema marehemu alikitumia kuvua magari mikanda, na Auma wa Osieko akafa kwa sababu hiyo. Nilisema nataka maneno yaliyosomwa siku ya maziko yafutwe mbele ya watu hawa.

Mtoto wa kwanza wa marehemu aliinuka. "Mama, tunakuheshimu. Lakini hiyo ni stori ya zamani, na baba hakuwa dereva."

"Uko na shahidi?" mzee akaniuliza.

Kabla sijajibu, kiti cha plastiki kililia na Omoding akasimama. Moyo wangu ulimwendea. Nilisema moyoni, hatimaye.

"Anasema ukweli," Omoding alisema. "Kifaa ni yetu. Na mikanda ya ile gari nyeupe marehemu aliniambia nikate, kwa sababu bolti nilikuwa nimeziba mwenyewe. Alinipa wembe. Nikakata. Ni mimi."

Mzee alisema neno langu na marehemu limepokelewa, na yale maneno hayatasemwa tena katika boma hilo. Nilikuwa nimepata nilichokuja kukitafuta. Nilimnyooshea Omoding kidole nikataka kusema, na mzee akainua mkono akanizuia. "Neno na mtu aliye hai halitolewi hapa, mama. Keti."

Sikuketi. Nilitoka nikashika njia ya barabarani, na Omoding akanifuata akichechemea, akiniita mpaka nikasimama pale wanapongojea watu wa bodaboda.

"Nekesa. Nikufanyie nini?"

"Wewe ulibeba jeneza lake."

"Nilibeba."

"Miaka yote hii ningekuuliza ungeniambia?"

"Hapana. Ungeniua."

"Ningekuua," nilisema, na nilikuwa na maana hiyo hiyo. "Vua hiyo fulana."

Alinitazama kuona kama nasema kweli. Kisha akaishika chini akaivuta juu, ikakwama kichwani, akahangaika nayo peke yake, mzee wa watu, mbavu nje, mbele ya vijana wenye pikipiki waliokuwa wameanza kucheka na kumuuliza kama joto limemzidi. Ilipotoka hakujua aiweke wapi. Hakuitupa na hakuikunja. Nilipanda pikipiki ya kwanza nikamwambia kijana anipeleke Busia, na nilipogeuka Omoding alikuwa bado amesimama pale barabarani kifua wazi, na sikumwambia aivae.